Mchi Chini ya Kwapa: Historia ya Bega katika Tiba ya Ayurveda

Aliyeteguka bega hujulikana kabla hajasema neno. Mkono mzima huubeba ule ulioumia, kichwa huinamia upande wenye maumivu, na bega lililokuwa na mviringo wake hubaki na kona kali chini ya ngozi, kwa sababu kichwa cha mfupa wa mkono kimetoka mahali pake na kuteremka mbele, kuelekea kwapani. Waganga wa bara Hindi waliandika tiba ya hali hii zaidi ya miaka 1500 iliyopita, na maagizo yao ni mafupi kiasi cha kushangaza: weka mchi kwapani, inua, na kiungo kikisharudi kifunge kwa bandeji ya kupishana. Mchi wenyewe ni huu huu wa kutwangia nafaka.

Maagizo hayo yamo katika Sushruta Samhita, kitabu kikuu cha upasuaji katika Ayurveda. Kimeandikwa kwa Kisanskriti, kina sura 186, na kinajieleza kuwa ni mafundisho ambayo Divodasa, mfalme wa Kashi, mji ambao leo unaitwa Varanasi, aliwapa wanafunzi wake, mmoja wao akiwa Sushruta. Si kazi ya mtu mmoja. Kilikusanywa, kikaongezwa na kusahihishwa kwa karne kadhaa, na kufikia karibu mwaka 500 baada ya Kristo kilikuwa kimepata umbo tunalolijua. Nakala yake moja, iliyoandikwa juu ya majani ya jamii ya mtende na kuhifadhiwa Kathmandu, Nepal, ina tarehe ya mwaka 878.

Waandishi wake walikuwa watu wa kupanga mambo. Mifupa iliyovunjika wameigawa katika aina 12, na viungo vilivyoteguka katika aina 6, kulingana na mfupa ulivyokaa: umesukumwa kando, umeshuka, umepitiliza, umelala mshazari, na kadhalika. Dalili zimetajwa moja moja. Mgonjwa hawezi kukunja wala kunyoosha kiungo, hawezi kukizungusha, na havumilii kuguswa. Kisha huja hatua nne za tiba, nazo zinafuatana: kuvuta, kubana, kulinganisha mfupa mahali pake, kufunga. Mtulinga ukivunjika, kwa mfano, sehemu hukandwa kwanza kwa joto, halafu ncha iliyodidimia huinuliwa kwa mchi, na iliyonyanyuka hukandamizwa, ndipo hufungwa kwa kukazwa. Mafuta na lepe, yaani dawa nzito ya kupaka, zimo pia, ila zamu yao ni ya baadaye. Nalisisitiza hili kwa sababu leo likitajwa jina la Ayurveda wengi wetu huona chupa ya mafuta, ilhali katika kitabu chenyewe kilicholirudisha bega ni mikono ya mtu anayejua anachofanya.

Inafaa kueleza mchi unafanya nini hasa. Bega lina uhuru wa kuzunguka kuliko kiungo kingine chochote mwilini. Kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa na cha mviringo, na kikombe kinachokipokea ni kidogo na kina kina kifupi, mithili ya chungwa lililowekwa juu ya kisosi. Kinachokizuia kisitoke ni kano na misuli inayokizunguka. Ndiyo maana bega huteguka kuliko viungo vyote vikubwa, na mara nyingi sana mfupa hutokea upande wa mbele. Ukishatoka, misuli hukaza kwa maumivu na kuufungia huko huko ulikokwenda. Kuuvuta tu kwa nguvu ni kushindana na misuli hiyo, na mara nyingi misuli hushinda. Mchi ukisimama kwapani unakuwa egemeo. Mkono ukivutwa chini juu ya egemeo hilo, kichwa cha mfupa husukumwa nje na juu, kikavuka ukingo wa kikombe na kuteleza ndani. Mgonjwa mwenyewe hulijua hilo mara moja, maana maumivu hushuka ghafla na mviringo wa bega hurudi.

Wagiriki nao walitumia mchi. Katika kitabu cha viungo kinachohesabiwa miongoni mwa vile vya Hippocrates, mwandishi anausifu kuwa njia iliyo karibu na maumbile, na anaagiza uviringishiwe kitambaa laini kabla ya kuingizwa kati ya mbavu na mfupa, na mchi ukiwa mfupi mgonjwa aketi ili mkono upite juu yake. Sioni haja ya kuuliza nani alimwiga nani. Kila nyumba iliyotwanga nafaka ilikuwa na mchi, bega ni lile lile Ugiriki na India, na mtu mwenye akili aliyelitazama vizuri angeweza kulifikia jibu hilo hilo.

Kulitazama ndilo jambo lililowapa waganga wa Sushruta nguvu yao. Mwanafunzi wa upasuaji alitakiwa aujue mwili kwa kuuona. Maiti iliyofaa, ya mtu asiyekufa kwa sumu wala kwa maradhi ya muda mrefu, ilifungwa kwa nyasi, ikatiwa ndani ya tundu na kulazwa penye mto wa maji ya polepole, mahali pa faragha, kwa siku 7. Ikiisha kulainika, ilisuguliwa taratibu kwa brashi za mizizi, nywele au mianzi, tabaka kwa tabaka, na mwanafunzi akatazama ngozi, misuli, kano na viungo kwa macho yake. Kukata alijifunza juu ya maboga na matango. Kufunga bandeji alijifunzia mwanasesere mwenye viungo vya mtu, na aina za kufunga zilikuwa 14. Ile ya bega iliitwa svastika, yaani ya kupishana kama msalaba, na hadi leo bandeji za kupishana hutumika kutuliza bega na mtulinga.

Mabanzi yalichongwa kutoka magome ya miti ya jamii ya mkuyu, na kutoka mwanzi. Bandeji isilegee, kinasema kitabu, maana kiungo hakitatulia; wala isikaze mno, maana ngozi itavimba, itauma na kutunga usaha. Ifunguliwe na kufungwa upya kila siku 7 wakati wa baridi, kila siku 5 majira ya wastani, na kila siku 3 wakati wa joto. Anayeishi penye joto la pwani na aliyewahi kuvaa bandeji ya mwezi mzima atauelewa mpango huo bila kuelezwa. Juu ya sehemu iliyoumia ilipakwa lepe ya sandali nyekundu, mizizi ya kutuliza na unga wa mchele, ikikorogwa na samli iliyooshwa kwa maji mara mia hadi ikawa nyeupe na baridi. Mgonjwa alipewa wali, mchuzi wa nyama, maziwa na samli, akakatazwa chumvi, vitu vikali na vichachu, jua na kazi nzito. Aliyevunjika kiganja alipewa mazoezi: kwanza ashike donge la samadi, kisha donge la udongo, na mkono ukipata nguvu ashike jiwe. Mazoezi ya viungo ya hospitali za leo hufuata njia hiyo hiyo, kutoka kilaini kwenda kigumu.

Kuna mahali kitabu kinakosea, nami sitaki kupita kimya. Kinasema kiungo cha kijana hukaza kwa mwezi mmoja, cha mtu wa makamo kwa miezi miwili, cha mzee kwa mitatu. Kwa mfupa uliovunjika, kwamba uzee huchelewesha uponaji ni kweli. Kwa bega lililoteguka, kumfunga mzee miezi mitatu ni kumwachia bega lililoganda. Madaktari wa sasa humfunga mgonjwa kwa wiki chache tu, na mzee ndiye wanayemharakisha zaidi kuanza kuusogeza mkono. Kijana tatizo lake ni jingine: bega lake hutoka tena na tena, kwa sababu kano zilizochanika mbele hazirudi kushika kama zamani.

Lakini waandishi hao hao walijua kwamba bega linaweza kuganda, na maelezo yao ni miongoni mwa ya zamani kabisa yanayosomeka leo. Wanasema upepo wa mwili ukikaa begani hukausha kano zinazolifunga na kukunja mishipa, na mkono ukashindwa kunyanyuka. Waliuita ugonjwa huo avabahuka. Lugha ya upepo ni ya nadharia yao, ila picha ya mfuko wa kiungo uliokauka na kukunjamana haiko mbali na kile daktari wa upasuaji anachokiona leo. Ernest Codman wa Boston ndiye aliyeupa jina la bega lililoganda, mwaka 1934. Huwashika zaidi watu wa kati ya miaka 40 na 60, wanawake kuliko wanaume, na wenye kisukari kuliko wengine. Vagbhata, aliyeandika baada ya Sushruta, aliagiza avabahuka itibiwe kwa mafuta yanayodondoshwa puani na kwa samli au mafuta yanayonywewa baada ya chakula. Matibabu hayo yanaendelea katika hospitali za Ayurveda hadi leo. Tafiti zilizoyapima nyingi ni ndogo, na bega lililoganda lina tabia ya kulegea lenyewe baada ya mwaka mmoja hadi mitatu, kwa hiyo si rahisi kusema ni mafuta yaliyoponya au ni muda.

Elimu hiyo haikukaa India peke yake. Katika zama za Harun al-Rashid, aliyetawala Baghdad kuanzia mwaka 786 hadi 809, ukoo wa mawaziri wa Barmaki uliwaalika waganga wa Kihindi. Mmoja wao, Manka, alikieleza kitabu cha Sushruta kwa agizo la Yahya bin Khalid al-Barmaki ili kitumike hospitalini, na orodha ya vitabu ya Ibn al-Nadim inakitaja. Al-Razi, tabibu mkubwa wa karne ya 9 na ya 10, alinukuu vitabu vya Wahindi. Tiba waliyoileta Waarabu na Waajemi katika bandari za Bahari ya Hindi ilikuwa imeshaonja elimu ya Kashi.

Huko India, wakati huo huo, mikono na kitabu vilianza kuachana. Tabaka la wasomi wa Kisanskriti lilizidi kujitenga na damu na maiti. Kazi ya kupasua, kuunga mifupa na kurudisha viungo ikaangukia mafundi ambao hawakuwa wasomi wa vitabu hivyo. Tukio lililojulikana hadi London linaonyesha jambo hilo waziwazi. Mwezi Oktoba 1794, gazeti la Gentleman's Magazine lilichapisha habari ya Cowasjee, mwendesha ng'ombe wa jeshi la Waingereza aliyekatwa pua na askari wa Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, na jinsi fundi wa karibu na Pune, mtu wa jamii ya wafyatua matofali, alivyomtengenezea pua mpya kwa ngozi ya paji la uso. Upasuaji wa namna hiyo umeelezwa katika Sushruta Samhita. Aliyeufanya alikuwa ameurithi kwa mikono. Ndivyo ilivyokuwa kwa mabega pia, katika vijiji na katika viwanja vya mieleka, ambako mwalimu wa wapiganaji ndiye aliyekuwa mrudisha viungo.

Kerala, kusini-magharibi mwa India, ndiko ambako mikono hiyo iliheshimika zaidi. Kalari ni shimo la mazoezi lililochimbwa chini ya usawa wa ardhi, urefu futi 42 na upana futi 21 kwa kipimo cha desturi, sakafu ya udongo uliokandamizwa, na mwalimu wake anaitwa gurukkal. Anafundisha upanga, fimbo na mateke, na anatibu anachokivunja mchezo huo. Wapo magurukkal wa Kihindu na wapo Waislamu, maana Malabar, kaskazini mwa Kerala, ni pwani ya biashara kama yetu. Kabla ya mapigano mwanafunzi hupakwa mafuta na kukandwa, wakati mwingine kwa miguu: mkandaji hushika kamba iliyofungwa darini ili apunguze uzito wake, na unyayo wake huteleza kutoka kiunoni hadi ncha za vidole kwa mkupuo mmoja usiokatika.

Gurukkal pia anajua marma, yaani sehemu 107 za mwili ambazo zikiumia huleta madhara makubwa. Vitabu vinaitaja Amsa, kati ya shingo na bega, ambayo jeraha lake huukaza mkono usisogee, na Amsaphalaka, karibu na bapa la bega, ambayo jeraha lake huufanya mkono ufe ganzi au unyauke. Anayesoma hayo leo atakumbuka neva zinazopita hapo. Bega likiteguka, neva inayozunguka shingo ya mfupa inaweza kuvutwa, na dalili yake ni ganzi kwenye ngozi ya upande wa nje wa bega. Mpiganaji anazijua sehemu hizo ili apige. Mganga anazijua ili asiguse vibaya. Katika kalari walikuwa mtu mmoja.

Waingereza waliiona kalari kwa jicho la silaha tu. Wakipambana na Pazhassi Raja, mtawala aliyewaasi huko Malabar, mwaka 1804 walitoa amri kali dhidi ya wanaoficha silaha, na Pazhassi mwenyewe alikufa mwezi Novemba 1805. Mashimo mengi yalifungwa au yakafanya kazi kwa siri, na sehemu iliyobaki wazi ilikuwa ile ya tiba, kwa kuwa hakuna serikali iliyokataza watu kukandwa. Mchezo wenyewe ulifufuliwa hadharani katika miaka ya 1920 na 1930 huko Thalassery, kwa juhudi za Kottakkal Kanaran Gurukkal na mwanafunzi wake C. V. Narayanan Nair.

Upande wa Calcutta mambo yalikwenda kwa njia nyingine, na kisa cha Madhusudan Gupta kinastahili kujulikana zaidi. Alikuwa mwalimu wa Ayurveda katika Chuo cha Kisanskriti. Mwaka 1835 serikali ya kikoloni ilifunga masomo hayo na kuanzisha chuo cha tiba ya Kizungu, na yeye akahamia huko. Katika kipindi hicho hicho ndiye aliyesimamia chapa ya kwanza ya Sushruta Samhita kwa mashine, na mwaka 1836 alipasua maiti mbele ya wanafunzi, jambo lililotangazwa kuwa la kwanza kufanywa na Mhindi wa zama hizo. Walioshtuka walidhani amevunja mila. Kitabu alichokuwa akikichapisha kilikuwa kimeagiza jambo hilo hilo tangu zamani.

Mwaka 1902, P. S. Varier alianzisha Arya Vaidya Sala huko Kottakkal, Kerala. Alikuwa amesoma kwa mmoja wa masharifu wa tiba wa huko, wanaoitwa ashtavaidya, na pia alijifunza tiba ya Kizungu. Alianza kutengeneza dawa za mapishi ya kale kwa wingi na kuziuza tayari kwenye chupa, badala ya mgonjwa kutumwa akatafute majani mwenyewe. Faida yake ni kubwa: Ayurveda ilisalimika katika karne ambayo ingeweza kuizika. Hasara yake ni kwamba chupa husafiri, mikono haisafiri.

Murivenna ni mojawapo ya mafuta hayo, na ndiyo yanayotajwa kwanza mtu akiumia bega au kuvunjika mfupa. Viungo vyake vingi Mswahili anavijua kwa majina: mafuta ya nazi, majani ya mtambuu, majani ya mlonge, kitunguu, shubiri, na maji ya kuoshea mchele. Hupikwa polepole hadi maji yote yaondoke na majani yakauke. Kitambaa huchovywa humo na kuwekwa juu ya sehemu iliyovimba. Uvimbe ukishapungua, huja kizhi, vifurushi vya kitambaa vyenye mchele mwekundu wa navara uliopikwa kwa maziwa na mchemsho wa mizizi, vinavyopigwapigwa na kusuguliwa begani vikiwa vya moto, wakandaji wawili wakibadilishana vifurushi ili joto lisipoe. Kwa bega linaloanza kukaza, joto na kusogezwa namna hiyo huleta nafuu ya kweli. Kwa bega ambalo bado liko nje, hakuna mafuta duniani yatakayolirudisha.

India huru iliiweka Ayurveda chini ya sheria mwaka 1970, ikaipa baraza, mitihani na vyuo vyenye shahada, na mwaka 2014 ikaundiwa wizara pamoja na tiba nyingine za jadi. Katika vyuo vikubwa tabibu wa Ayurveda husoma picha ya eksirei kabla hajagusa kiungo, na hapo ndipo mikono na kitabu vinapokutana tena. Waunga mifupa wa jadi wangalipo kwa wingi. Wale wa Puttur, Andhra Pradesh, hufunga kwa ute wa yai, dawa za majani na vipande vya mianzi, na foleni zao ni ndefu kwa sababu ni rahisi kuwafikia na kuwalipa. Tatizo lao halihusu ujuzi wa vidole. Bila picha, bega lililoteguka na bega lililovunjika shingo ya mfupa vinaweza kufanana, na anayelivuta la pili anaweza kumuumiza mgonjwa maisha yake yote. Upo pia upande wa dawa za kumeza: mwaka 2004 watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizokuwa zikiuzwa madukani Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Mafuta ya kupaka na vidonge visivyojulikana vilikotengenezwa visiwekwe kapu moja.

Wapo watu wetu wengi wanaokwenda India kutibiwa, na Kerala ni miongoni mwa mahali wanapopasikia. Anayepeleka bega lililoganda, au bega lililokwisha kurudishwa na bado linakaza, anaweza kupata huko wakandaji ambao elimu yao ina mizizi mirefu. Aulize tu dawa za kumeza zimepimwa wapi, na kama ana kisukari aseme mapema. Lakini bega likiteguka leo, hapa nyumbani, lifungwe kwa kanga kifuani kama lilivyo na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, likapigwe picha kwanza. Kadiri siku zinavyopita ndivyo linavyokuwa gumu kurudi, na likipita wiki tatu kulirudisha ni hatari. Na kama yupo anayetaka kulivuta bila picha, bila kukuuliza kama unahisi anapogusa ngozi ya nje ya bega, bila kutazama kama vidole vyako vinasogea, mkatalie.